Sander, Keïta, Avedon au Muholi: Kuchagua Mfano wa Maonyesho ya Picha za Watu

Wapiga picha wa kikundi au wasimamizi wa makumbusho madogo wanapoamua kuandaa maonyesho ya picha za watu wa mji wao, yaani wavuvi, mama lishe, mafundi seremala na wazee wa mtaa, mjadala wa kwanza huwa ni wa kamera na wa pili ni wa fremu. Suala la nani anaonyeshwa, kwa jina gani na kwa idhini ya nani huachwa hadi usiku wa kuamkia ufunguzi, lebo zinapoandikwa mbio mbio. Ulinganisho huu umeandikwa kwa walio mwanzoni, ambao bado wana nafasi ya kuchagua njia kabla hawajalipia chapa hata moja.

Nimechukua mifano minne inayojulikana na iliyokwisha kuonyeshwa katika makumbusho makubwa. Wa kwanza ni August Sander (1876–1964), Mjerumani aliyetaka kuipanga jamii nzima ya nchi yake kwa kazi na matabaka. Wa pili ni Seydou Keïta, aliyefungua studio mjini Bamako, Mali, mwaka 1948 na kuwapiga picha wateja wa mji huo kwa miaka mingi. Wa tatu ni Richard Avedon, Mmarekani aliyepewa kazi na makumbusho ya Amon Carter ya Fort Worth, Texas, akazunguka magharibi mwa Marekani kati ya mwaka 1979 na 1984 na kuonyesha matokeo yake mwaka 1985. Wa nne ni Zanele Muholi wa Afrika Kusini, ambaye tangu mwaka 2006 anaendeleza mkusanyiko wa picha za wasagaji weusi na watu waliobadili jinsia nchini kwake, mkusanyiko ambao umeshapita picha 500. Sikuwachagua kwa kuwa ni wapiga picha wanne bora duniani. Niliwachagua kwa sababu kila mmoja aliyajibu maswali yaleyale kwa namna isiyofanana na ya wenzake, na majibu hayo yanaonekana ukutani hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu lenzi.

Vigezo vya kulinganisha

Vigezo ni vitano: nani anaamua picha iweje, nini kinaachwa nyuma ya mtu, nini kinaandikwa chini ya picha, ukubwa wa chapa na mpangilio wake ukutani, na mwisho gharama, uhifadhi na usalama wa aliyepigwa. Ufundi wa kupiga sikuuweka, kwa kuwa wote wanne ni mafundi waliobobea na hapo hakuna cha kuchagua. Kigezo cha tatu nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine, na sababu yake itaonekana tutakapokifikia.

Nani anaamua picha iweje

Kwa Sander uamuzi uligawanyika. Mtu alikuja na nguo zake, akasimama alivyopenda mbele ya kamera kubwa ya sahani za kioo, na kwa kuwa sahani hizo zilihitaji muda kupokea mwanga, alilazimika kutulia na kujikusanya. Katika picha ya mpishi wa keki ya mwaka 1928, mwanamume mnene mwenye upara amesimama jikoni kwake na koti refu jeupe, ameshika bakuli la bati na mwiko, viatu vyake vinang'aa, na anatutazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyefika bila hodi. Hadhi hiyo ni yake mwenyewe. Picha ilipokwisha kusafishwa, hata hivyo, ni Sander peke yake aliyeamua mtu aingie katika kundi gani kati ya makundi saba aliyoyapanga: wakulima, mafundi, wanawake, matabaka na kazi, wasanii, mji mkubwa, na wale aliowaita watu wa mwisho, wakiwamo wagonjwa na vipofu. Aliyepigwa alikuwa na mamlaka juu ya mwili wake, si juu ya sanduku alilowekwa.

Mteja wa Keïta alikuwa analipa, na anayelipa ana kauli. Studio ilikuwa Bamako-Koura, mahali panapofikiwa kirahisi kutoka kituo cha treni, na mtu aliweza kuazima suti, tai, saa ya mkononi, kalamu ya wino au redio, na wengine walipigwa pamoja na skuta au gari. Kazi ya Keïta ilikuwa kumweka mtu vizuri: kugeuza bega kidogo, kunyanyua kidevu, kutandaza gauni, kupanga vidole ili pete na bangili zionekane. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi alibonyeza mara moja tu. Waliowahi kukaa mbele ya pazia la studio katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambako Capital Art Studio imekuwapo tangu mwaka 1930, hawahitaji kuelezwa utaratibu huu. Jambo moja lakini lisisahaulike: mteja wa Bamako aliridhia picha ya kutundika sebuleni au kumtumia mchumba, hakuulizwa kuhusu ukuta wa makumbusho ya Paris. Ridhaa ya studio si ridhaa ya maonyesho, na yeyote anayetaka kutumia hazina ya studio ya zamani ataligonga jambo hilo mapema.

Avedon yuko upande mwingine kabisa. Yeye ndiye aliyewatafuta watu katika migodi, machinjio, maonyesho ya mifugo na vituo vya malori, akaamua nani anafaa, akasimama kando ya kamera na si nyuma yake ili aonane na mtu ana kwa ana, na mwishowe akachagua. Watu 752 walipigwa, vipande vya filamu zaidi ya 17,000 vikatumika, ila walioingia katika maonyesho ni sehemu ndogo tu. Picha yake mashuhuri ya mfuga nyuki, mwanamume asiye na unywele hata mmoja, kifua wazi, nyuki wametapakaa mwilini, haikutokana na bahati ya barabarani. Avedon alichora kwanza anachokitaka, akatoa tangazo katika jarida la wafuga nyuki ili apate mtu wa kufaa, na siku ya kupiga, mwezi Mei 1981, mtaalamu wa wadudu alimpaka mtu huyo harufu ya malkia ili nyuki wamtulie. Wanaosema kwamba hiyo si kumbukumbu ya hali halisi wana hoja. Wanaojibu kwamba mtu huyo alikuwepo, nyuki walikuwepo na aliridhia kusimama pale nao wana hoja. Avedon mwenyewe hakujificha. Aliandika wazi kwamba picha zote ni sahihi na hakuna hata moja iliyo ukweli.

Muholi huwaita wanaopigwa washiriki, na neno hilo linabeba kazi halisi. Mshiriki anajua tangu mwanzo kwamba picha itaonyeshwa hadharani na kwa nini, anakuja na mavazi yake, na mara nyingi ni mtu aliye katika mtandao wa marafiki na wanaharakati ambao Muholi ni mmoja wao. Baadhi yao hupigwa tena baada ya miaka, kwa hiyo uhusiano hauishi kamera inapofungwa. Udhaifu wake ni kwamba njia hii haimfai mgeni. Mtu hawezi kufika kwenye jamii Jumatatu na kudai ushirika wa aina hii Ijumaa.

Nini kinaachwa nyuma ya mtu

Hapa tunaweza kupita upesi. Sander aliacha mazingira yazungumze: jiko, ua, njia ya matope. Keïta alitumia pazia, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake lenye nyuzi za kuning'inia. Kwa kuwa alilibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, baadaye aliweza kukisia tarehe ya picha kwa kuangalia pazia tu. Wenye mikusanyo ya studio waliweke jambo hilo akilini, maana pazia, sakafu na kiti ni ushahidi wa mwaka pale daftari la wateja lilipopotea.

Avedon alibandika karatasi nyeupe kubwa ukutani au ubavuni mwa jengo, kivulini, bila taa, na kwa kufanya hivyo aliifuta nchi nzima nyuma ya mtu. Kinachobaki ni vumbi la makaa kwenye mashavu, damu kwenye aproni, mshono uliofumuka begani. Ni njia yenye nguvu na ni rahisi kuiga, jambo ambalo naliona kuwa ndiyo hatari yake, kwa sababu mvuvi wa Bagamoyo mbele ya karatasi nyeupe anaweza kuwa mvuvi wa popote. Muholi hutumia kuta na mandhari za kawaida zilizopo karibu, nyingine zenye marumaru au maua, na zinabaki nyuma ya uso bila kushindana nao.

Nini kinaandikwa chini ya picha

Sander aliandika kazi au nafasi ya mtu: mpishi wa keki, wakili, mbeba matofali, wakulima vijana. Kwa kawaida jina halikuwapo. Lengo lilikuwa mtazamaji alinganishe mtu na mtu na kuisoma jamii, na katika kitabu chake cha picha 60 cha mwaka 1929 mbinu hiyo inafanya kazi vizuri kweli, kwani tajiri na kibarua wanapewa karatasi ya ukubwa mmoja na heshima moja. Utawala wa Wanazi haukuipenda Ujerumani ya namna hiyo iliyochanganyika. Mwaka 1936 vibao vya kuchapia kitabu hicho viliharibiwa, na mwanawe Erich, mpinzani wa utawala huo, alifia kifungoni mwaka 1944. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba kuandika kazi badala ya jina ni uzembe. Kwa Sander ulikuwa msimamo aliouchagua kwa makusudi.

Na bado lebo hiyo inaweza kudanganya. Picha ya mwaka 1914 inayowaonyesha vijana watatu waliovaa suti, kofia na fimbo mkononi, wakielekea dansini katika njia ya Westerwald, eneo la mashambani huko Ujerumani, imejulikana duniani kote kama picha ya wakulima vijana. Uchunguzi uliofanywa miongo mingi baadaye ulionyesha kwamba riziki yao ilitoka katika mgodi wa chuma, si shambani. Wao walikuwa na majina, familia na mwajiri. Lebo iliwapa kazi ambayo mpangilio wa Sander ulikuwa unaihitaji.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya ziada ya kutega sikio hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Unguja na Mombasa zilichapisha kadi za posta ambazo watalii na maafisa walizinunua na kuzituma Ulaya, zikiwa na maelezo ya mstari mmoja: mwanamke wa Kiswahili, mpagazi, Mwarabu, mtumishi. Aliyekaa mbele ya lenzi alikuwa mama au bibi wa mtu, na huenda wajukuu wake wangali wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahali alipopigwa. Mtu wa Köln, mji wa Ujerumani alikofanyia kazi Sander, aliyeandikwa "wakili" hakuwahi kugeuzwa kielelezo cha kabila lake mbele ya mnunuzi wa kigeni, ilhali bibi huyo aligeuzwa. Kwa hiyo lebo ya kazi bila jina, ambayo huko ilikuwa njia ya kumsawazisha tajiri na maskini, hapa inaangukia juu ya kovu. Sisemi isitumike kamwe, nasema mratibu wa maonyesho wa Zanzibar au Lamu anayeitumia awe na jibu tayari, kwa kuwa ataulizwa.

Kwa Keïta tatizo lilikuja kwa sura nyingine. Chapa zilizokwenda kwa wateja zilipigwa muhuri wa jina lake nyuma, ila picha zake zilipoonyeshwa New York mwaka 1991 katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, zilitajwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana. Keïta alikuwa hai, yuko Bamako, na negativi zake (filamu za asili zinazotumika kuchapia picha) kwa maelfu zimehifadhiwa vizuri. Alitafutwa, akapatikana, na mwaka 1994 Fondation Cartier, taasisi ya sanaa ya Paris, ikampa maonyesho yake peke yake. Jina la mpiga picha lilirudi. Majina ya wengi wa waliopigwa hayakurudi. Hadi leo mtazamaji anasimama mbele ya mwanamke aliyejilaza kwenye shuka la mirabaraba, anajua mwaka wa kukisia, anajua studio, na hajui anaitwa nani. Kwa picha zilizopigwa kwa ajili ya familia, hilo ni pengo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mteja hakuwa kielelezo cha chochote. Alikuwa amekuja kujionyesha yeye.

Avedon, ambaye ndiye aliyemnyima mtu uamuzi zaidi kuliko wote, ndiye aliyekuwa makini kuliko Sander na Keïta katika lebo: jina, kazi, mji, jimbo na tarehe kamili. Ni mstari mmoja mkavu usio na huruma wala maelezo, lakini ukoo unaweza kumtafuta mtu wake miaka arobaini baadaye na kumpata. Muholi naye huandika jina, mahali na mwaka, na kwa mradi wake huo si utaratibu wa ofisi tu. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inawalinda watu hao anaowapiga Muholi na ndoa yao inatambuliwa kisheria tangu mwaka 2006, ilhali wengi wao wameendelea kubakwa na kuuawa. Kuliandika jina kunasema kwamba mtu huyu aliishi hapa, mwaka huu. Mmoja wa waliopigwa mwanzoni kabisa, mshairi na rafiki wa Muholi, alifariki mwaka 2007, muda mfupi baada ya picha yake. Bila lebo yenye jina na mwaka, mradi wote ungekuwa ukuta wa nyuso nzuri tu.

Ukubwa na mpangilio ukutani

Mpangilio wa Sander unataka wingi na ukubwa wa wastani, wote sawa, kwa mstari au kwa makundi, ili jicho lihame kutoka kwa seremala hadi kwa mfanyabiashara bila kupewa ishara kwamba mmoja ni mkubwa. Chapa 12 hazitoshi kuitoa maana yake.

Chapa za awali za Keïta zilikuwa ndogo, nyingi za sentimita 13 kwa 18, za kushikwa mkononi. Zilipoingia katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani zilichapwa upya kwa ukubwa wa kufunika ukuta na kwa weusi mkali zaidi, na wapo wanaouliza kama hicho bado ni kitu kilekile alichokitoa Keïta. Binafsi naona makumbusho yenye chapa za zamani ingefanya vyema kuziweka ndani ya kabati la kioo zikiwa na ukubwa wake, muhuri wa nyuma ukionyeshwa kwa kioo cha kujitazamia au kwa nakala, na kuchapa kubwa moja au mbili tu za kumvuta mpita njia.

Kwa Avedon ukubwa ndio hoja yenyewe. Mchimba makaa anayekutazama kutoka juu, mkubwa kuliko wewe, hawezi kupuuzwa. Kikundi chenye bajeti ndogo kinaweza kushawishika kupeleka picha kwa wachapishaji wa mabango ya plastiki yale ya matangazo na kampeni. Picha zitatoka kubwa, ndiyo, lakini plastiki hiyo hung'aa chini ya taa, na ngozi nyeusi iliyopigwa kwa uangalifu hugeuka kuwa doa moja lisilo na kina.

Muholi hupanga picha kwa safu zilizobanana, nyuso nyingi zote zikimtazama mtazamaji, na mara nyingi huacha nafasi tupu kati yake, ama kwa aliyeondoka duniani, ama kwa ambaye bado hajapigwa. Ni mpangilio wa bei nafuu, unaokua kadiri mradi unavyokua, na unaweza kuanza na picha chache bila kuonekana haujakamilika.

Gharama, uhifadhi na usalama wa aliyepigwa

Njia ya Sander haina gharama kubwa ya chapa ila ina gharama kubwa ya miaka. Negativi nyingi alizoziacha katika ghala la chini mjini Köln ziliteketea kwa moto mwaka 1946, baada ya kunusurika na mabomu ya vita. Zilizosalimika ni zile alizozihamishia kijijini. Mwaka 2012 nyumba ya Muholi mjini Cape Town ilivunjwa na diski zenye kazi ya miaka kadhaa zikaibwa. Teknolojia tofauti, kosa lilelile la kuweka kila kitu mahali pamoja, na kikundi chochote kitakachoanza mradi wa muda mrefu kihesabu nakala ya pili, iliyo katika jengo lingine, kuwa sehemu ya bajeti ya kwanza.

Kwa njia ya Keïta, gharama iko katika kuokoa. Chapa za zamani hazivumilii mwanga mkali, na makumbusho mengi huweka kikomo cha luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi kwa vitu dhaifu vya aina hiyo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi na chumvi, vitu viwili vinavyoifanya chapa ijikunje na kuota ukungu nyuma ya kioo. Ni busara kuskani, kutundika nakala, na kuziacha za asili katika bahasha za karatasi isiyo na asidi. Avedon anataka fedha, gari na wasaidizi, pamoja na mfadhili mmoja mkubwa kama lilivyokuwa lile jumba la Fort Worth.

Kuhusu usalama, tofauti ni kubwa. Sander aliwapiga picha Wayahudi wa Köln waliohitaji picha za vitambulisho mnamo mwaka 1938 na baadaye akawapa nafasi yao katika mkusanyo wake. Picha ileile iliyokuwa ya kumtambulisha mtu kwa serikali iliyomwinda ikaja kuwa kumbukumbu ya heshima yake. Muholi anafanya kazi na watu ambao kuonekana kwao kunaweza kuwaletea madhara mtaani, na hata ndani ya ukumbi: waziri wa utamaduni wa Afrika Kusini aliyealikwa kufungua maonyesho yaliyokuwa na kazi za Muholi mjini Johannesburg mwaka 2009 aliondoka bila kuyafungua. Avedon anatukumbusha suala la watoto, kwa kuwa moja ya picha zake zinazotambulika zaidi ni ya mvulana wa miaka 13 wa Sweetwater, Texas, aliyeshika nyoka aliyechunwa. Hapa kwetu, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika haiko nje ya masuala hayo. Hakimiliki ya mpiga picha na ridhaa ya aliyepigwa ni mambo mawili, na karatasi moja iliyosainiwa haiyamalizi yote.

Kila mfano unamfaa nani

Mfano wa Sander unawafaa wenye subira na swali kuhusu jamii nzima: chuo, makumbusho ya mkoa, mradi wa miaka mitano juu ya kazi zinazopotea. Haumfai mwenye picha 20 na ufunguzi mwezi ujao.

Mfano wa Keïta unawafaa walio karibu na hazina ya studio, au wapiga picha wanaotaka watu waje wakiwa wamevaa walivyotaka kuonekana. Ndio mfano unaoleta wageni wengi wasiozoea makumbusho, kwa sababu watu huja kujitafuta na kuwatafuta ndugu zao. Udhaifu wake ni kwamba unaonyesha matamanio vizuri kuliko dhiki, hivyo anayetaka kuzungumzia mishahara ya wachimbaji atafute kwingine.

Mfano wa Avedon unamfaa mpiga picha mwenye jicho la pekee anayekubali lawama kwamba picha ni yake zaidi kuliko ya waliopigwa. Avedon alilaumiwa hivyo hivyo, kwamba mtu wa New York alikwenda magharibi akarudi na huzuni aliyokwenda nayo. Mfano wa Muholi unawafaa walio ndani ya jamii wanayoipiga na wanaoweza kukaa nayo baada ya maonyesho kufungwa; walio nje wanaweza kuwa wachapaji, wafadhili au wapanga ukuta, na kazi hizo si ndogo.

Mwongozo kwa kila hali

Ikiwa mna muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, ukumbi mdogo na kundi la watu wanaofahamiana, kwa mfano wafanyakazi wa soko moja, pangeni kwa safu za Muholi na andikeni lebo kamili kama za wao wawili, yeye na Avedon. Hakuna kanuni inayokataza kuchanganya. Kinachokatazwa na akili ya kawaida ni kuchukua karatasi nyeupe ya Avedon pamoja na lebo ya kazi tu ya Sander, kwani hapo mtu anapoteza mahali pake na jina lake kwa pigo moja, na kilichobaki ni ile kadi ya posta.

Ikiwa mfadhili ametaka maonyesho ya kuwagusa wageni wa nje kwa haraka, chapa chache kubwa zitafanya kazi, mradi kila aliyepigwa aonyeshwe chapa ya mwisho kabla haijatundikwa na apewe nakala ya kwenda nayo nyumbani. Ikiwa baadhi ya wahusika wanaweza kudhurika kwa kuonekana, waulizeni kila mmoja kivyake, si kwa kikundi, kuhusu jina, uso na mtandao, kwa kuwa anayekubali kutundikwa ukumbini kwa wiki tatu anaweza kukataa kusambazwa kwenye simu milele. Aliyekataa abakiziwe nafasi tupu kama anaridhia hata hiyo.

Na ikiwa mmerithi sanduku la picha za studio zisizo na majina, msianze na fremu. Chapeni nakala ndogo za bei nafuu, kila moja na namba, mzipeleke barazani, msikitini baada ya sala, kanisani, na kwenye vikundi vya akina mama, mkae na daftari na kuuliza huyu ni nani, pazia hili ni la miaka gani, nani bado yuko hai wa kuombwa ruhusa. Muweke pia daftari hilo mlangoni wakati wa maonyesho, na lebo za wasiojulikana ziandikwe kwenye karatasi inayobandulika, zikiwa na namba ya picha, mwaka wa kukisia, jina la studio, maneno "jina bado linatafutwa", na simu ya ofisi itakayopokelewa hata baada ya maonyesho kuhama.